Maji Hayaombi Kibali

Kuna maneno hapa Nyarugusu yamenichosha: "Sisi ni wapita njia, mazingira ni ya wenyeji." Eti kwa sababu hatuna ardhi, basi betri ya tochi ikifa itupwe korongoni, plastiki ichomwe nyuma ya choo, na mvua itamaliza yenyewe.

Jamani, mvua haimalizi kitu. Mvua inabeba. Maji ya hapa yanateremka hadi Mto Malagarasi, nao unaingia Ziwa Tanganyika. Ziwa lile lina kina cha karibu mita 1,470, na maji yake mengi hutoka kwa kugeuka mvuke. Zinki ya betri haipandi na mvuke. Inabaki humo humo wanamovuliwa dagaa tunaowala. Bujumbura wanayanywa maji hayo. Mto pekee unaotoka ziwani ni Lukuga, pale Kalemie, kuelekea Mto Kongo. Sasa Mkongomani au Mrundi anayesema anapita tu, anamtupia nani takataka? Anazituma kwao. Nazo hazingoji kibali cha kutoka kambini.

Na ninyi ndugu zetu wa mashirika, msicheke. Semina za kupanda miti tumehudhuria. Tunajua kwamba karibu nusu ya uzito wa kuni kavu ni kaboni. Mti uliivuta kutoka hewani kwa miaka, na sufuria ya maharage inairudisha angani jioni moja. Tunajua pia kwamba mti ukishaondoka, udongo unafuata maji mpaka ziwani. Lakini maharage hayaivi kwa bango. Mama anayepewa maharage makavu bila kitu cha kuyapikia, amepewa na panga la kukatia mti. Halafu analaumiwa yeye!

Basi tugawane kazi. Sisi vijana tukusanye betri nyumba kwa nyumba, tuache kuchoma plastiki, tuzibe makorongo kwa mawe na nyasi kabla ya masika. Hiyo kazi haihitaji posho. Ninyi leteni majiko banifu na nishati ya kuyawasha, siyo fulana za kampeni. Na lori likishashusha unga linarudi tupu: lipakieni hizo betri, zipelekwe zinakoweza kuhifadhiwa salama.

Siku ya kurudi kwetu hakuna anayeijua. Maji tutakayokunywa siku hiyo yanapita hapa leo.