Kijana Anapotaka Kamera ya Baiskeli



Mwezi uliopita, tulipokuwa tukimenya viazi vya harusi nyuma ya kanisa, mama mmoja alitushika mkono akatuuliza kwa sauti ya chini: "Nesi, mwanangu anataka nimnunulie kamera ya kufunga kwenye baiskeli. Ni kitu gani hicho? Nitoe pesa au nisitoe?" Hatukuweza kumjibu palepale, maana jibu letu ni refu na lina aibu kidogo ndani yake. Leo tunamjibu yeye, pamoja na ninyi nyote ambao waume zenu au vijana wenu hutoka asubuhi na baiskeli, nanyi mkabaki mkisikiliza mlango hadi jioni.

Kwetu mambo yalianza mwaka 2023. Baba watoto huenda kazini kwa baiskeli kutoka Kihonda, anapita Msamvu, hadi mjini Morogoro. Wanaoijua njia hiyo wanayajua malori yake. Jioni moja gari dogo lilimgusa, akaanguka kwenye kokoto, akavunjika mtulinga. Dereva alisimama, na kwa hilo tunamshukuru. Lakini alisema baba amemwingilia barabarani bila kuangalia nyuma. Baba akasema si kweli, gari ndilo lililomfuata pembeni. Shahidi hakuwepo. PF3 ilijazwa, mkono ukafungwa, na gharama zote zikatoka mfukoni mwetu. Wiki sita baba alikaa nyumbani, na neno lililorudi mezani kila siku lilikuwa lile lile: "Laiti mtu angeona."

Kisha Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yakafanyika Kigali, mara ya kwanza kufika Afrika. Kijana wetu wa pili hakubanduka kwenye televisheni. Tadej Pogačar wa Slovenia alipomaliza wa kwanza siku ya mwisho, kijana alikuwa amekwisha kuamua kwamba anataka kamera. Alituambia ni kwa ajili ya usalama wa baba, ili siku nyingine awepo "shahidi". Sababu ya pili hakuisema, lakini ninyi ni akina mama, mnajua sababu ya pili husomwa usoni. Alitaka wenzake waone anavyoteremka mlima.

Basi, kamera hizi ni nini? Ni kisanduku kidogo, kikubwa kidogo kuliko kiberiti, chenye jicho pana mbele. Hufungwa kwenye usukani, kifuani au kwenye kofia, nacho huchukua video mtu anapokwenda. Aliyezipa umaarufu ni Mmarekani Nick Woodman, mpenda mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi, aliyeanzisha kampuni ya GoPro mwaka 2002. Kamera yake ya kwanza, iliyouzwa 2004, ilitumia filamu ya kawaida ya milimita 35, kama zile za kwetu za zamani za kupelekwa studio. Za GoPro ni ghali. Lakini wako wengine, kama Akaso na SJCAM, wanaouza kwa bei ya chini zaidi. Nasi tulikwenda upande huo wa chini. Ada ya shule ilikuwa imekaribia.

Jambo la kwanza, mama, usidanganywe na namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Utaona "4K". Maana yake ni kwamba picha ina nukta 3840 kwa 2160, yaani zaidi ya milioni nane. Ile wanayoiita "1080" ina nukta 1920 kwa 1080, kama milioni mbili tu. Sasa, kamera nyingi za bei rahisi zina jicho lisiloweza kuona hizo milioni nane. Huchukua picha ndogo na kuivuta iwe kubwa, kama vile mtu anavyoongeza maji kwenye mchuzi. Sufuria imejaa, lakini ladha ni ile ile. Afadhali 1080 ya kweli, yenye picha 60 kwa sekunde, kuliko 4K ya kuvutwa. Muuze maswali muuzaji. Mwambie akuonyeshe video iliyochukuliwa kwa kamera hiyo hiyo, nawe usimamishe picha katikati uone kama maandishi yanasomeka.

Jambo la pili ni mtikisiko. Barabara zetu mnazijua. Zipo kamera zenye uwezo wa kutuliza picha, na hufanya hivyo kwa kukata kingo za picha kidogo. Uliza kama utulivu huo unafanya kazi katika kipimo mtakachokitumia, maana katika kamera nyingine za bei ya chini ukiweka 4K utulivu unazimika. Tena liko jambo la bure ambalo baba aligundua mwenyewe: kata kipande cha tyubu kuukuu, ukizungushe kwenye usukani, kisha funga kishikio juu yake. Mtikisiko ulipungua sana. Tumewaambia vijana watatu sasa, na wote wamerudi wakicheka.

Betri za kamera hizi ni ndogo. Ya kwetu hudumu saa moja na dakika chache. Kwa hiyo nunua yenye betri mbili, au uhesabu bei ya betri ya pili tangu mwanzo. Usiiache kamera juani dirishani, wala betri ya akiba isikae mfuko mmoja na funguo na sarafu. Betri ikivimba, usiibonyeze wala usiichaji tena.

Na hapa turuhusuni tuseme kama wauguzi. Baadhi ya kamera hizi huja na rimoti ya kuvaa mkononi, na ndani ya rimoti mna betri bapa ya duara kama kifungo cha koti. Kama nyumbani mna mtoto anayetambaa au mjukuu wa miaka miwili, ifungie mbali rimoti hiyo au uitoe nyumbani kabisa. Betri ya namna hiyo ikikwama kwenye umio inaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili tu, na mwanzoni mtoto anaweza kuonekana kama ana mafua au amegoma kula. Ukishuku kwamba amemeza, usimtapishe. Mkimbize hospitali, ukaseme waziwazi "betri," ili apigwe eksirei mara moja.

Turudi kwenye kadi ya kumbukumbu. Hapa tulipigwa, na ni makosa yetu. Kamera tuliinunua vizuri, lakini kadi tuliitafuta rahisi. Tulipata iliyoandikwa GB 128 kwa bei ya kununulia soda chache. Safari ya kwanza ilionekana safi. Safari ya tatu mafaili yalikuwapo, yana majina, lakini hayafunguki. Fundi alipoipima kwa kompyuta, kwa programu ya H2testw ambayo huijaza kadi kisha kuisoma tena, ilikutwa kwamba nafasi ya kweli ni GB 8. Maandishi yalikuwa ya uongo. Ziko kadi nyingi za namna hiyo. Nunua GB 32 au 64 ya kweli, yenye alama ya U3 au V30, yaani inaandika angalau megabaiti 30 kwa sekunde. Kwa video ya 1080 ya kawaida, saa moja hula kama GB 9, hivyo GB 64 huchukua saa saba hivi, na hakuna betri yako itakayofika huko. Kabla ya kuitumia, ifomati ndani ya kamera yenyewe.

Ifungwe wapi? Kijana alitaka juu ya kofia ngumu, maana ndivyo alivyoona kwenye simu. Tulikataa. Michael Schumacher alipoumia kichwa akiteleza kwenye theluji huko Ufaransa mwezi Desemba 2013, yalitokea maneno mengi kwamba kamera iliyokuwa kwenye kofia yake ilizidisha jeraha. Jambo hilo halikuthibitishwa, wala hatulisemi kuwa ni kweli. Lakini kofia ya baiskeli imetengenezwa iwe laini na mviringo ili iteleze inapogonga lami, na sisi tulioshona vichwa usiku hatupendi kuweka kitu kigumu kilichochomoza hapo. Kadhalika kutoboa kofia ili kufunga kishikio ni kuiharibu. Usukani unatosha. Kifuani nako panafaa, picha hutulia zaidi, ila baba anasema mkanda unambana akipanda kilima.

Sasa tuseme juu ya "ushahidi," maana ndiyo sababu iliyotufanya tufungue mkoba. Jicho la kamera hizi ni pana sana, na upana huo hufanya gari lionekane mbali kuliko lilivyokuwa. Gari lililopita karibu kabisa na kiwiko, ukitazama video utadhani lilimpa nafasi. Namba ya gari husomeka likiwa mita chache tu, na usiku karibu haisomeki kabisa. Kwa hiyo mfundishe mwendeshaji kuitamka namba kwa sauti pale pale. Kamera inasikia! Ila haisikii vizuri ikiwa ndani ya lile kasha la kuzuia maji, hivyo siku kavu itumie bila kasha, kwenye fremu ya wazi. Halafu tazama tarehe na saa kila asubuhi. Ya kwetu betri ikitolewa inarudi mwaka wa kutengenezwa kwake. Na kama imewekwa kuandika kwa mzunguko, vipande vya dakika tatu tatu ambapo kipya kinafuta cha zamani, basi jambo likitokea izimwe na kadi itolewe. La sivyo itafuta kile kile mnachokitaka. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hii kupokewa mahakamani, lakini mahakama hutazama ulivyotunzwa. Msiikate wala kuipamba.

Tumefika kwenye aibu yetu.

Jumamosi ya pili baada ya kununua, kijana alimfuata baba yake kwa nyuma hadi mjini ili aijaribu kamera. Jioni tukakaa wote mezani kutazama. Tulianza kwa kucheka, maana hakuna ajuaye mgongo wake ulivyo. Kisha tukaona baba anafika kwenye shimo, anahama kuelekea katikati ya barabara, hageuzi kichwa hata kidogo. Nyuma honi inalia. Mbele kidogo, shimo jingine, vivyo hivyo. Mara tatu katika safari moja. Mezani pakawa kimya. Baba akasema, "Rudisha nyuma." Kijana akarudisha. Akaitazama tena, akavua miwani, akasema, "Huenda hata siku ile..." Hakumaliza.

Miaka miwili na zaidi tulimsema vibaya yule dereva. Tulimsema kwa majirani, tulimsema hata kazini kwa wauguzi wenzetu. Hatujui siku ile ilikuwaje, wala hakuna video ya siku ile. Lakini tangu jioni hiyo hatumtaji tena kwa namna ile. Jumatatu baba alinunua kioo cha pembeni cha kufunga kwenye usukani, kwa shilingi elfu nane, kikawa kifaa cha maana kuliko kamera yenyewe.

Wiki chache baadaye kijana akaja na jingine. Kamera ilikuwa imeona bodaboda ikianguka, na abiria, mama mtu mzima, amelala barabarani, nguo zimepanda, damu usoni. Wenzake walikuwa wanamwomba aitume kwenye kundi lao la simu. Alikuja kutuuliza kwanza, na hilo tunalihesabu. Tulimwambia hivi: hospitalini mgonjwa akifika katika hali ile, kitu cha kwanza ni shuka. Hata kabla ya kumwuliza jina tunamfunika. Je, yeye atamfunua mbele ya watu mia mbili? Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, tukamtajia na hiyo, lakini tuliona usoni kwamba shuka ndiyo iliyomgusa. Nakala moja alipewa askari wa usalama barabarani aliyekuwa akiishughulikia ajali ile. Polisi walipomaliza shauri lao, kijana aliifuta ya kwake mbele yetu.

Video za kuteremka mlima bado anachukua. Tulikubaliana jambo moja: kila video tunaitazama pamoja Jumapili jioni, na kama amependa mwendo kuliko breki, kamera inalala kabatini wiki nzima. Imelala mara mbili hadi sasa.

Basi, mama uliyetuuliza kwenye viazi: kofia ngumu isiyo na ufa kwanza, taa ya nyuma, kioo cha pembeni, breki zikaguliwe. Pesa ikibaki, kamera. Isipobaki, mwambie kijana wako aje kwetu Jumamosi saa moja asubuhi na baiskeli yake. Tutamfungia ya kwetu kwenye usukani aijaribu hadi Mzumbe na kurudi, na baba atakuwa nyuma yake. Chai itakuwa tayari wakirudi.