Oveni si sanduku la siri: tufungulieni skrubu

Waliozoea kunisoma nikiandika kuhusu programu na hifadhidata watanivumilia, maana leo nimeshika bisibisi. Nataka tuzungumzie oveni ya stima, ile ya kuweka juu ya meza, na ile karatasi inayobandikwa nyuma yake ikisema usifungue, ndani hakuna kitu unachoweza kutengeneza wewe.

Mimi nasema kimo. Na nasema zaidi: sehemu kubwa ya hatari tunayotishiwa nayo inatengenezwa na huyo huyo aliyebandika karatasi, kwa kuficha mchoro wa nyaya na kukataa kutuuzia spea. Hiyo ndiyo hoja yangu ya leo. Mwenye kunipinga anipinge, lakini asome kwanza.

Tuanze na kilichomo ndani, tusije tukabishania jini. Kuna elementi, kwa kawaida juu na chini. Elementi ni bomba jembamba la chuma. Ndani yake kuna waya wa nikromu uliosokotwa kama springi, na kati ya waya na bomba umeshindiliwa unga mweupe wa oksidi ya magnesi ambao unapitisha joto lakini haupitishi stima. Kuna themostati, ambayo mara nyingi ni kibomba chenye kimiminika kinachotanuka kikipata moto na kusukuma swichi. Kuna swichi ya kuchagua juu, chini au zote mbili. Kuna saa ile inayolia ting. Kuna fyuzi ya joto inayokata stima mambo yakizidi. Kuna nyaya na taa. Basi! Katika oveni ya namna hii hakuna mstari hata mmoja wa programu. Nimekaa darasani miaka minne kusomea sayansi ya kompyuta, na nawaambia redio ya matatu ina mambo mengi kuliko hiyo oveni.

Sasa kisa. Jirani yangu hapa Chechelesi anaoka keki za kuuza. Harusi, Idi, siku za kuzaliwa, mahafali ya chekechea... ada ya shule ya watoto wake inatoka ndani ya oveni hiyo. Ikafika wiki ya Idi, ana oda kumi na moja, na keki zinatoka zimeungua juu huku chini ni uji. Akapiga simu kwa wahudumu wa kampuni iliyomuuzia (jina nalihifadhi). Wakamwambia ailete Nairobi. Kutoka Isiolo hadi Nairobi ni karibu kilomita 280, kwa hiyo mama apakie oveni kwenye basi, alipie nafasi yake na ya oveni, kisha asubiri. Alipouliza kama wanaweza kumtumia elementi ya chini pekee, jibu lilikuwa kwamba elementi haiuzwi peke yake, na kwamba kwa umri wa oveni ile ni heri anunue mpya.

Oveni yenyewe ilikuwa na miaka mitatu.

Nilikwenda na mita yangu ya bei rahisi. Hesabu ni ya kidato cha pili. Stima yetu Kenya ni volti 240. Zidisha 240 kwa 240 unapata 57,600. Gawanya kwa wati za elementi, unapata ukinzani wake kwa omu. Elementi ya wati 1,000 inapaswa kusoma karibu omu 57.6. Ya juu ikasoma 56, yaani nzima. Ya chini haikusoma kitu kabisa, kwa maana waya wa ndani umekatika. Dakika ishirini, na kumi kati ya hizo nilikuwa nahangaika na skrubu zenye kichwa cha nyota na kipini katikati, ambazo kazi yake pekee ni kuzuia bisibisi yangu. Hazikazi vizuri kuliko skrubu za kawaida. Zimewekwa pale kama kufuli tu.

Elementi tuliipata kwa fundi mmoja mjini, kutoka kwenye oveni iliyokufa kwa sababu nyingine. Urefu ule ule, wati zile zile. Alitoza chini ya shilingi elfu moja, pamoja na maneno mengi kuhusu vijana wa kompyuta wanaojifanya mafundi.

Najua mtakachosema. Je, mtu akipigwa na stima? Je, nyumba ikiungua? Ni maswali ya haki na siyakwepi. Plagi ing'olewe ukutani kabisa, kuzima swichi hakutoshi. Oveni ipoe. Waya wa ethi, ule wa kijani na manjano, urudishwe kwenye bodi ya chuma na ukazwe, maana huo ndio unaokuokoa siku waya wa moto ukigusa bodi. Baada ya kubadilisha elementi, pima kati ya ncha zake na bodi ya chuma: mita isisome kitu. Ikisoma, unga wa ndani umeshika unyevu au bomba limepasuka. (Mita ndogo ikisema salama, isikupe kiburi. Kama breka inaanguka kila ukiwasha, elementi hiyo ni ya kutupa.) Na nyaya za ukutani pamoja na sanduku la breka mwachie fundi mwenye leseni ya EPRA. Maikrowevu nayo ni mnyama mwingine kabisa: kapasita yake inaweza kubaki na maelfu ya volti hata baada ya kung'olewa plagi. Hiyo usiiguse, na mimi siigusi.

Lakini hebu tuangalie ajali za oveni zinatoka wapi hasa. Zinatoka kwa fundi aliyeondoa fyuzi ya joto iliyoungua na kuunganisha hapo kipande cha waya. Zinatoka kwa aliyetumia waya wa kawaida wa nyumba, ambao ganda lake la plastiki limetengenezewa nyuzi joto 70, mahali panapotaka waya wa silikoni. Zinatoka kwa aliyelehemu kiungo kilichopaswa kubanwa kwa kibano cha chuma, na lehemu ya kawaida ya risasi na bati inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 tu, joto ambalo keki ya kawaida inaliona kila siku.

Sasa jiulize kwa nini alifanya hivyo. Wengine ni uzembe, sikatai. Lakini wengi wanajua kabisa kinachotakiwa, na hawakukipata. Fyuzi sahihi haiuzwi. Haijulikani ni ya nyuzi ngapi kwa sababu maandishi yamefutika na mchoro ni siri ya kampuni. Mteja amekaa pale, ana oda kumi na moja. Ukimnyima fundi spea, oveni bado itatengenezwa, tena kwa kipande cha waya, halafu wewe uliyemnyima ndiye unatokea kwenye redio kutuonya dhidi ya mafundi wa jua kali!

Watu hawa hawa ndio waliotuletea jiko la Kenya, lile la bati lenye udongo ndani. Lilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuiga ndoo ya Thailand, likachukuliwa na mafundi wa jua kali, likanakiliwa hadi likafika kila soko. Udongo ukipasuka unanunua wa kubadilisha. Hakuna aliyekuambia upeleke jiko makao makuu.

Tena hata sheria haiko upande wa karatasi ile. Fungua Katiba ya 2010, Kifungu cha 46. Inasema mtumiaji ana haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Kikamilifu! Mimi si wakili, ila kwa akili yangu ya kuandika programu, oveni ya miaka mitatu inayotupwa kwa sababu ya bomba moja la chuma haijamnufaisha mtu kikamilifu. Mchoro wa nyaya ni habari. Nambari ya elementi ni habari. Mwaka 2022 tukapata pia Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, inayomwekea mtengenezaji na mwagizaji wajibu juu ya bidhaa yake hata ikishakuwa taka. Sasa mwenye wajibu juu ya taka anatuambiaje tununue mpya?

Wapo watakaosema tusubiri wazungu watuonyeshe njia. Uingereza ilitoa kanuni mwaka 2021 zinazowalazimisha watengenezaji kutoa spea za mashine za kufulia, za kuoshea vyombo, friji na televisheni. Umoja wa Ulaya ukapitisha agizo lake la haki ya matengenezo mwaka 2024. Nimezipitia orodha zote mbili. Oveni haimo. Kwa hiyo ukisubiri huko utasubiri sana.

Na haraka yangu ina sababu, nayo ni ya kikazi. Oveni mpya zinakuja na bodi ya elektroniki, vitufe vya kugusa, nyingine na Wi-Fi. Hapa kwetu stima ikikatika na kurudi kwa kishindo, bodi ndiyo inayotangulia kufa, wakati elementi haina habari. Bodi ikifa, ndani yake kuna programu, na programu inaweza kuandikwa ikatae elementi isiyonunuliwa kwa mwenyewe. Mnadhani natia chumvi? Mwishoni mwa 2023 wachunguzi wa kundi la Dragon Sector kule Poland walieleza kwamba ndani ya programu za treni za kampuni ya Newag walikuta maagizo ya kuzima treni ikikaa kwenye karakana za washindani. Newag ilikanusha, na mambo yakaishia mahakamani. Kama jambo hilo linaweza hata kudaiwa kwa treni, nani atachungulia oveni ya Isiolo? Mimi naandika programu kwa kuishi, najua jinsi sharti kama hilo lilivyo jepesi kuandika. Ni mistari mitatu.

Ndiyo maana nikiulizwa ninunue oveni gani, nasema ya kuzungusha kwa mkono. Na keki ikichelewa kuiva, kabla hujalaumu themostati, pima stima yako: volti zikishuka kutoka 240 hadi 200, elementi ya wati 1,000 inatoa chini ya 700.

Waagizaji wa oveni najua mnapita hapa mara moja moja, maana mmewahi kuniandikia mkitaka nisifie bidhaa zenu. Sitaki oveni ya bure. Nina swali moja, na nitachapisha majibu yote kama yatakavyokuja, pamoja na jina la kila aliyejibu: elementi ya chini, wati 1,000, ni shilingi ngapi, na nani anaiuza hapa Isiolo?