Barabara si ya magari pekee

Ibara ya 37 ya Katiba ya Kenya inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa amani, bila silaha. Watu wengi hawawezi kuandamana bila kupita barabarani, na kwa saa chache matatu zitalazimika kuzunguka. Hilo tunalikubali.

Tusilolikubali ni matairi kuchomwa katikati ya lami na mawe kupangwa njiani, huku ambulensi ikipiga king'ora bila kupishwa na mama mboga akishindwa kufika sokoni. Anayefanya hivyo anamwadhibu mnyonge mwenzake.

Lakini polisi nao wajitazame. Julai 7, 2025, siku ya maandamano ya Saba Saba, wao ndio waliofunga barabara kuu za kuingia katikati ya Nairobi, hata wasafiri wasiohusika wakashushwa na kutembea kwa miguu.

Sheria inawataka waandamanaji watoe notisi angalau siku 3 mapema. Notisi hiyo ni ya kupanga usalama, si ya kuombea ruhusa. Inspekta Jenerali wa Polisi aitumie kutenga njia, kuelekeza magari na kuwalinda wanaoandamana.