Anayetapika Apewe Maji

Katika nyumba nyingi, kambini na vijijini, mtoto akitapika jambo la kwanza linalofanywa ni kumnyima maji. Husemwa kwamba akinywa atatapika tena, basi heri tumbo lipumzike mpaka kesho. Fikira hiyo hutokana na huruma, lakini ni ya hatari. Mara nyingi kinachoua si kutapika kwenyewe, bali ni mwili kukaukiwa na maji. Na mtoto mchanga aweza kufikia hali hiyo kwa muda wa saa chache tu, hasa akiwa anaharisha pia.

Kutapika ni dalili. Ndani ya ubongo mna sehemu inayopokea habari kutoka tumboni, katika damu na hata masikioni. Ikipata habari ya jambo baya, huamuru misuli ibane, na kilichomo tumboni hurudi juu. Ndiyo maana sababu za kutapika ni nyingi. Chakula kilicholala chaweza kuwa na sumu ya vijidudu isiyoondoka hata kikipashwa moto, na wote waliokila hutapika baada ya saa chache. Malaria, kipindupindu na kidole tumbo hutapisha pia. Mama mjamzito hutapika katika miezi ya kwanza, na askari asafiriye nyuma ya lori katika njia ya kona nyingi aweza kutapika bila ya kuwa mgonjwa.

Faida ya kunywesha wagonjwa ilidhihirika mwaka 1971. Wakimbizi wa vita vya Bangladesh waliokimbilia Bangaon, nchini India, walishambuliwa na kipindupindu, na maji ya kutiwa katika mishipa yakapungua. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuwapa maji yenye chumvi na glukosi wayanywe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vilishuka hadi chini ya 4.

Dawa kama hiyo hutolewa katika zahanati kwa pakiti, nayo ndiyo iliyo bora. Ikikosekana, achukue mama lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, atie vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, akoroge. Chumvi isikisiwe kwa mkono, kwani ikizidi humdhuru mtoto.

Mgonjwa akiisha kutapika, angojewe dakika 10, kisha aanze kunywa polepole: mtoto kijiko kimoja kidogo kila baada ya dakika moja au mbili, mtu mzima funda ndogo ndogo. Akitapika tena, angojewe dakika 10 nyingine, kisha aendelee polepole zaidi. Haba na haba hujaza kibaba. Mtoto anyonyaye asiachishwe ziwa. Akilala, alazwe kwa ubavu, matapishi yasije yakamziba pumzi. Mama mjamzito hufaa kula kidogo kidogo mara nyingi, na chai ya tangawizi huwasaidia wengi.

Hata hivyo, yako mambo yasiyongoja asubuhi. Apelekwe hospitali upesi mgonjwa anayetapika kila anachopewa, anayetapika damu au maji ya kijani, mwenye maumivu makali ya tumbo, mwenye homa na shingo iliyokakamaa, au aliyeanza kutapika baada ya kupigwa au kuanguka kwa kichwa. Vivyo hivyo mtoto aliyelegea, macho yake yametumbukia ndani, naye hakojoi. Njiani aendelee kunyweshwa, maadamu yu macho na aweza kumeza. Lakini mwenye maumivu makali ya tumbo au aliyeumia kichwa asipewe kitu mpaka aonwe na mganga.

Aliyekunywa mafuta ya taa au tindikali kamwe asilazimishwe kutapika. Mafuta yakirudi huingia mapafuni, na tindikali huunguza koo mara ya pili. Apelekwe hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Baba aweza kuwa lindoni au safarini usiku ule mtoto anapougua. Kwa hiyo yafaa kila aliyemo nyumbani, pamoja na watoto wakubwa, akijue kipimo hiki kwa moyo, na chumvi, sukari na maji yaliyochemshwa visikosekane jikoni.