Mtani Msibani na Elimu ya Huzuni

Katika mafunzo ya ushauri nasaha na uuguzi yanayotolewa Afrika Mashariki, somo la huzuni ya kufiwa mara nyingi huanza, na wakati mwingine huishia, kwenye orodha ya hatua tano ambazo mtu husemekana kuzipitia: kukana, kukasirika, kujaribu kuafikiana na majaliwa, kuzama katika sonona, na hatimaye kukubali. Orodha hiyo ilitolewa na daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross, mzaliwa wa Zürich, katika kitabu kilichochapishwa Marekani mwaka 1969, na msingi wake ulikuwa mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa, ambao aliwahoji mbele ya wanafunzi katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Chicago. Kazi hiyo ilihitaji ujasiri, kwa kuwa madaktari wengi wa wakati ule hawakutaka hata kumwambia mgonjwa kwamba ugonjwa wake hauna tiba. Hata hivyo, waliohojiwa walikuwa watu wanaokufa, si wafiwa. Orodha ilihamishiwa kwa wafiwa baadaye, na tafiti zilizofuata hazikuthibitisha kwamba hisia za mtu aliyefiwa hupanga foleni kwa utaratibu huo. Mjane ambaye wiki ya tatu imefika na bado hajakasirika hajaruka darasa lolote.

Taaluma inayohusika na mambo haya huitwa thanatolojia, yaani uchunguzi wa kitaalamu wa kifo, kufa, huzuni na maombolezo. Jina hilo, linalotokana na Thanatos, ambaye Wagiriki wa kale walimchukulia kuwa ndiye kifo chenyewe, lilipendekezwa mwaka 1903 na mwanabiolojia Élie Metchnikoff, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1908 kwa kazi nyingine kabisa, ile ya kinga ya mwili. Wanahistoria, wanauchumi, wanasosholojia na madaktari wote wana sehemu yao ndani yake, lakini tawi lililojulikana zaidi ni la saikolojia, na tawi hilo lilitawaliwa kwa miongo mingi na imani moja, kwamba kazi ya mfiwa ni kujitenga hatua kwa hatua na marehemu hadi moyo wake uwe huru kuelekea kwingine. Sigmund Freud aliiweka imani hiyo katika makala yake ya mwaka 1917 kuhusu maombolezo na unyongovu. Mwaka 1944 Erich Lindemann, daktari wa Boston aliyewahudumia wafiwa na manusura wa moto uliounguza ukumbi wa starehe wa Cocoanut Grove mnamo Novemba 1942 na kuua watu 492, aliirudia kwa maneno ya kitabibu, akieleza kwamba mfiwa sharti afunguliwe kutoka kwenye kifungo chake kwa marehemu. Freud mwenyewe, ambaye binti yake Sophie alifariki mwaka 1920, alimwandikia rafiki yake miaka tisa baadaye akikiri kwamba pengo la namna ile halizibiki, na kwamba hata likizibwa bado kitakachokaa pale kitakuwa kitu kingine. Lakini nadharia yake ilisafiri mbali kuliko barua yake, na kwa muda mrefu mtu aliyeendelea kuzungumza na mumewe aliyekufa alihesabiwa kuwa amekwama.

Ilipofika mwaka 1996, watafiti watatu, Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman, walihariri kitabu kilichopinga imani hiyo waziwazi. Walionyesha kwamba wazazi waliofiwa na watoto, watoto waliofiwa na wazazi, na wajane wa kike na wa kiume hawakati uhusiano na marehemu bali huubadilisha, wakimpa nafasi mpya katika maisha yao, na kwamba wengi wao wana akili timamu kabisa. Klass alikuwa ameutafuta ushahidi hadi Japani, katika ibada za kuwaenzi wahenga. Kitabu hicho kilipokelewa kama mageuzi, na katika vyuo vya Magharibi kweli kilikuwa mageuzi. Msomaji wa Afrika Mashariki, hata hivyo, ana sababu ya kukumbuka kwamba mwaka uleule wa 1969, wakati orodha ya hatua tano ilipoingia madukani, John Mbiti, mzaliwa wa Kitui aliyekuwa akifundisha Makerere, alichapisha kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, ambamo alieleza kwamba marehemu anayekumbukwa kwa jina na watu waliomjua hajatoka katika wakati alioutaja kwa neno la Kiswahili Sasa. Bado ni mmoja wa nyumba, hutajwa, hupewa heshima yake, na huzama katika Zamani pale tu anapokufa mtu wa mwisho aliyemfahamu. Wanafalsafa wa Kiafrika waliomfuata Mbiti wamemkosoa vikali, hasa kwa madai yake kwamba Mwafrika wa jadi hana dhana ya mustakabali wa mbali, na ukosoaji huo una uzito. Lakini kuhusu mahali pa marehemu katika maisha ya wafiwa alikuwa ameandika, miaka 27 kabla, jambo ambalo saikolojia ilikuja kuligundua kwa njia ndefu, na vyuo vyetu vilichagua kufundisha kitabu kile kingine.

Suala la kicheko msibani ndilo linaloonyesha vizuri zaidi pengo hili kati ya vyuo na desturi. Mwaka 1997 George Bonanno na Dacher Keltner walichapisha utafiti uliochunguza nyuso za watu waliofiwa na wenzi wao miezi sita hivi iliyotangulia, wakiwatazama walipokuwa wakimzungumzia marehemu, na wakakuta kwamba wale waliocheka kicheko cha kweli, kile kinachokunja ngozi pembeni mwa macho na ambacho ni vigumu kukiigiza, walikuwa na dhiki ndogo zaidi na uhusiano bora na watu wengine. Miaka miwili baadaye Margaret Stroebe na Henk Schut wa Utrecht walitoa nadharia inayoeleza kwamba mfiwa hapiti hatua zilizopangwa bali huenda na kurudi kati ya pande mbili, upande wa uchungu wenyewe na upande wa maisha yanayodai kuendelea, na kwamba kule kwenda na kurudi ndiko afya. Aliyezama katika uchungu bila kupumzika yuko hatarini, na anayekimbilia shughuli bila kuugusa uchungu yuko hatarini pia.

Sasa itazamwe desturi ya utani, uhusiano wa mzaha ulioruhusiwa, na kwa kweli ulioamriwa, baina ya makabila, koo, mashemeji, au babu na mjukuu. Katika msiba unaofuata taratibu za jadi, mtani hafiki kama mgeni wa kawaida. Ndani, wanawake wamekaa kwenye majamvi pamoja na mfiwa, na kila anayeingia huvua viatu, hukaa, hunyamaza kidogo, hutoa pole, kisha huuliza ilikuwaje; mfiwa huanza upya kueleza homa ilivyoanza, nani alitafuta gari, daktari alisema nini, marehemu aliomba nini mara ya mwisho, na huyasimulia hayo mara nyingi kwa siku, kwa watu mbalimbali, hadi masimulizi yanapata umbo linaloweza kubebeka. Nje, chini ya turubai, wanaume wanacheza bao au karata na kunywa kahawa. Kati ya pande hizo mbili huingia mtani, amevaa koti la marehemu na kofia yake, ameshika fimbo yake, anachechemea kama alivyochechemea yeye na kukohoa kama alivyokohoa yeye, akiwadai waombolezaji madeni ya uongo na kuwauliza nani atamaliza chakula sasa kwa kuwa mlafi ameondoka. Kaburi likiwa tayari, anaweza kujilaza ndani yake na kukataa kutoka mpaka apewe hela kidogo, au kulizuia jeneza njiani hadi lilipiwe ushuru. Mtu huyo huyo ndiye ambaye mara nyingi amelichimba kaburi na kusaidia kuosha maiti, kazi ambazo ndugu wa damu hawaziwezi kwa uchungu au wamekatazwa na mila. Mfiwa hana ruhusa ya kumkasirikia, na ndani ya dakika chache mtu aliyekuwa akigaagaa kwa kilio anacheka huku machozi yangali yanamtiririka, kwa sababu aliyeigwa mbele yake ni marehemu kamili, pamoja na kasoro zake, na si yule malaika anayesomwa kwenye wasifu wa mazishi.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba wasomi waliuona utani mapema sana. R. E. Moreau aliandika kuhusu utani wa Tanganyika katika jarida la Africa mwaka 1944, mwaka uleule wa makala ya Lindemann, na A. R. Radcliffe-Brown alikuwa ametangulia mwaka 1940 kwa nadharia yake ya jumla kuhusu uhusiano wa mzaha. Swali lao, hata hivyo, lilikuwa la anthropolojia ya miundo ya jamii, yaani namna makundi yanavyoshikamana bila kupigana; walitaka kujua kwa nini Mnyamwezi aliyesafiri na misafara hadi pwani akubaliwe na Mzaramo kama mtani, au vita vya Wangoni viliachaje mzaha badala ya kisasi. Waliandika kwamba mtani huzika, wakaliweka jambo hilo katika safu ya wajibu wa kijamii. Kile ambacho mzaha ule unamfanyia mjane aliyekaa jamvini hakikuwa swali lao, na waliokuwa na swali hilo walikuwa Boston.

Kwa muda mrefu upungufu huu ungeweza kuonekana kuwa suala la wasomi peke yao. Hauwezi tena. Toleo la 11 la Ainisho la Kimataifa la Magonjwa la Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika Januari 2022, limeingiza huzuni iliyopitiliza muda wake kuwa ugonjwa wa akili, ikiwa uchungu mkali na hali ya kumtamani marehemu vimedumu kwa muda usiopungua miezi sita na kumzuia mtu kuendesha maisha yake. Mwongozo wa wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani, uliorekebishwa Machi mwaka huohuo, unadai miezi 12 kwa mtu mzima. Wapo wanaoona kwamba huzuni haipaswi kuitwa ugonjwa kamwe, lakini wapo pia wafiwa wachache ambao miaka hupita bila wao kuweza kula vizuri, kulala au kufanya kazi, na kuwanyima tiba kwa jina la utamaduni si wema. Tatizo liko mahali pengine. Ainisho lenyewe linaagiza kwamba huzuni ihesabiwe ugonjwa pale tu inapovuka waziwazi kawaida ya jamii, utamaduni na dini ya mfiwa. Daktari wa Dodoma au Kisumu anatakiwa, kwa hiyo, kuijua kawaida hiyo kabla ya kuandika cheti: kwamba eda ya mjane wa Kiislamu ni miezi minne na siku kumi, kwamba arobaini ina uzito wake, kwamba kuna mahali ambapo matanga huanuliwa mapema na kumbukumbu kubwa ikasubiri mwaka, na kwamba mwanamke anayesema alimsikia mumewe akimwita alfajiri huenda anasema jambo ambalo kila jirani yake angelielewa. Maelezo hayo hayamo katika vitabu alivyosomea, na mengi yake hayajakusanywa popote kwa namna inayoweza kumsaidia akiwa kliniki.

Haifai kujibu upungufu huo kwa kuitukuza mila kama kwamba kila mfiwa wa Kiafrika hutunzwa vyema. Kesi ya wakili wa Nairobi S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 20, 1986 na kuzikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 23, 1987, baada ya miezi kadhaa ya mashauri kati ya mjane wake, Wambui, na ukoo wa Umira Kager, inafundishwa zaidi kama kesi ya sheria, nayo ni hiyo. Lakini pia ilikuwa mabishano juu ya nani anahesabika kuwa mfiwa, na mahakama ilijibu kwamba kwa suala la kaburi ukoo unatangulia. Kenneth Doka, katika kitabu cha mwaka 1989, alilipa jina jambo linalofanana na hilo: huzuni isiyotambuliwa, yaani uchungu wa mtu ambaye jamii haimpi haki ya kuomboleza hadharani, kama mpenzi asiyetambuliwa na familia au ndugu wa mtu aliyejiua. Afrika Mashariki ina kundi kubwa la namna hii ambalo halihitaji kutafutwa mbali, nalo ni la kina mama waliozaa mtoto mfu. Katika sehemu nyingi mtoto huyo huzikwa haraka na watu wachache, bila turubai wala matanga, na mama huambiwa kwamba bado ni kijana, atapata mwingine. Hakuna anayekuja kumuuliza ilikuwaje, na mtani, ambaye kazi yake ni kumwiga aliyeishi, hana cha kuiga.

Kama idara za saikolojia na sosholojia za vyuo vikuu vya ukanda huu zitaamua kuifanya elimu ya huzuni kuwa yao, utafiti wa kwanza unaweza kuanzia katika wodi za wazazi, kwa maswali ambayo hayahitaji fedha nyingi: mkunga anamkabidhi nani maiti ya mtoto, mama anaruhusiwa kumshika kwa muda gani na kwa idhini ya nani, baba anaambiwa nini na anaambiwa wapi, na katika wiki sita baada ya kurudi nyumbani ni nani, kama yupo, aliyebisha hodi.