MANENO YA MHARIRI: WAKILI PEKE YAKE HATOSHI

Ndugu wanachama wa Kisii na Nyamira,

Wako wenzetu wasemao kwamba chama ni cha mishahara, na habari za watu wanaofungwa kwa siasa hazituhusu. Twawaomba wamkumbuke marehemu George Anyona, Mjumbe wa Kitutu ya Mashariki. Mwaka 1977 aliuliza Bungeni juu ya tenda ya mabehewa ya reli. Mwezi wa Mei alikamatwa papo hapo Bungeni, akawekwa kizuizini bila kesi mpaka Desemba 1978. Mabehewa ndiyo mkate wa sisi watu wa reli. Je, hayo nayo hayatuhusu?

Mwaka 1982 alizuiwa tena, baada ya yeye na Bw. Oginga Odinga kunuia kuanzisha chama cha kisoshalisti. Safari hii alikuwa na wakili, Bw. John Khaminwa, aliyekwenda kortini kwa ajili yake. Serikali ya wakati ule ikamtia kizuizini wakili mwenyewe. Mwaka 1987 Bw. Gibson Kamau Kuria alitaka kuishtaki Serikali kwa niaba ya watu walioteswa. Naye akazuiwa. Ngao ilichukuliwa pamoja na mwenye kuishika.

Hapo ndipo penye fundisho. Wakili ni mtu mmoja, na mtu mmoja hukamatika. Watu wengi wakisimama nyuma ya mfungwa, ni vigumu kuwanyamazisha wote. Mwaka huo wa 1982 Wakenya na rafiki zao walianzisha kamati London ya kudai wafungwa wa siasa wa Kenya waachiliwe. Walichapa vijitabu, na dunia ikasoma. Februari 1992 akina mama wa wafungwa waliketi Uhuru Park, Nairobi, wakakataa chakula. Polisi waliwapiga, wao wakahamia kanisa la All Saints, wakaendelea. Mwaka 1993 ulipoanza, wengi wa wana wao wakafunguliwa.

Anyona mwenyewe alihukumiwa miaka 7 mwezi wa Julai 1991, pamoja na wenzake 3, kwa kesi ya uchochezi. Februari 1992 alitoka kwa dhamana, na Desemba ile watu wa Kitutu Masaba wakamrudisha Bungeni.

Katiba ya 2010 yasema kwamba aliyekamatwa aambiwe sababu, aweza kunyamaza, aongee na wakili, na kwa kawaida afikishwe kortini kabla ya masaa 24 kupita. Ni maneno mema. Lakini Juni 2024, vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, wengine walichukuliwa wasijulikane waliko. Mawakili wa Law Society of Kenya walijitolea bila malipo kuwatafuta na kuwatetea. Twawashukuru sana. Walakini wakili hawezi kumtetea mtu ambaye hajaambiwa kwamba amekamatwa. Habari hiyo hutoka kwa mke, kwa jirani, kwa mwenzako wa kazini.

Kwa hiyo twaleta shauri hili. Kila tawi lichague watu 3. Wa kwanza awe na namba ya simu ya wakili, aipige mchana au usiku. Wa pili aende kituoni mara moja, aandike saa, jina la ofisa na namba ya kitabu cha polisi. Wa tatu aangalie nyumba ya mfungwa: unga, kodi na karo ya watoto. Maana wengi hukubali kosa wasilolifanya kwa sababu tu watoto wana njaa.

Kila mwanachama atoe kidogo kila mwezi. Fedha ziandikwe kitabuni na kusomwa mkutanoni, kila mtu asikie. Zisiulize ukoo wa mtu, wala kama yeye ni Mkatoliki au Msabato, wala alimpigia nani kura. Misioni tulifundishwa kumtazama mfungwa. Hatukuambiwa tuchague mfungwa yupi.

Wazee wetu hawakungoja magugu yamalize wimbi ndipo waite risaga. Waliitana mapema, shamba kwa shamba, leo kwako, kesho kwangu. Na mfuko huu ni risaga. Tuuanze wakati sisi sote tungali nje.

Umoja ni nguvu.

Mhariri