Mazuku ndani ya nyumba: kipimo cha batri kinaweza kutuonya?

Upande wa Bulengo na Lac Vert, magharibi ya Goma, watu wanajua mazuku: gesi ya kaboni dioksidi yenye kutoka udongoni, haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inajikusanya chini, penye mtoto analala juu ya mkeka. Ikifika 10% ya hewa, inaweza kuua kwa dakika chache.

Siku hizi kuna vipimo vidogo vya hewa ya nyumbani, vyenye kutumia batri na kutuma habari bila waya. Lakini vingi vilitengenezwa kwa ajili ya ofisi na madarasa: vinaishia 0.5%. Tena, ili batri idumu, vinalala na kuamka kila baada ya dakika kadhaa. Kwa mazuku, dakika tano ni nyingi.

Basi kipimo chenye kutufaa kinapaswa kufikia kiwango kikubwa cha gesi, kuwekwa karibu na sakafu, na kuamka mara kwa mara, hata kama batri itaisha mapema. Kengele yake ilie palepale, bila kungojea mtandao. Kabla ya kununua, uliza kwanza: hiki kinapima mpaka ngapi?